Msimu wa Kuchanua

Mgeni mwenye kofia alipouliza kwa nini matumbawe yote ni meupe, mtembeza wageni alimjibu kwa macho makavu.

"Huu ni msimu wake wa kuchanua. Mna bahati kweli."

Wageni wakainamia kioo cha sakafu ya boti, wakapiga picha. Chini yao maji yalikuwa yamepata joto kupita kiasi, na ule mwani mdogo unaoyalisha matumbawe na kuyapa rangi ulikuwa umeyahama. Yalikuwa yanakufa njaa, naye alilijua hilo fika.

Ila leo alikuwa amempakia mama yake, aje amwone binti yake kazini. Mama aliyemsomesha kwa kuuza pweza wa mwamba huohuo. Sasa mama alikuwa amepiga magoti, kiganja juu ya kioo, kama anayempima mtoto homa.

"Mama, wewe ni mwenyeji," mgeni akamgeukia. "Ndivyo yanavyokuwa?"

Binti akamtazama mama yake.

Mama akakiondoa kiganja taratibu. Alama ya vidole ikabaki kwenye kioo.

"Kila mwaka," akasema, bila kumtazama bintiye. "Huchanua hivihivi."