Honi ya Landrova

"Honi usiguse," mzee fundi alimwonya mnunuzi kabla ya kumpa ufunguo. "Mengine yote jaribu utakavyo."

Mnunuzi, dereva wa malori aliyeitamani Landrova tangu utotoni, akatia gia. Lo! Gari la umri ule, na injini kama imetoka dukani jana! Viti vimeshonwa upya, rangi ya kijani inang'aa. Njia nzima fundi hakufunga mdomo: alivyosaka vipuri, alivyonyoosha mabati kwa mkono wake. Aliongea kama mtu aliyekosa wa kuongea naye siku nyingi.

Waliporudi, geti lilikuwa limefungwa. Dereva ni dereva. Mkono ukaenda wenyewe. Pii, pii!

Mlango wa nyumba ukafunguka. Bibi mmoja akatoka mbio, kiatu mguu mmoja, uso umechanua.

"Amekuja! Mume wangu amekuja!"

Akafungua geti, akachungulia dirisha moja la gari, akazungukia la pili. Furaha yote ikamwisha.

"Kumbe fundi," akasema. "Haya, mkimaliza liacheni hapohapo. Mwenyewe akirudi safarini atalitaka." Kisha akamnong'oneza dereva, "Na shati lake, mwanangu, kila nikilifua nalikuta lina grisi. Sijui nani ananichezea."

"Pole, mama," fundi akasema. Akaenda kuokota kiatu kilichobaki mlangoni, akapiga goti, akamvisha. Bibi akashukuru kwa adabu, akarudi ndani.

Dereva akazima injini. Kola ya shati ilikuwa imechungulia kwenye ovaroli ya fundi, imepigwa pasi vizuri, na doa la grisi pembeni. Damu ikamchemka. Gari alilipenda kufa, lakini la wizi, hapana.

"Mzee, huna haya? Mtu yuko safarini, mkewe kumbukumbu zimempotea, wewe unauza gari lake! Hata shati lake umevaa!"

"Lichukue tu, kwa bei yako. Lisionekane tena hapa."

"Na mwenyewe akirudi, utamwambia nini?"

Fundi alikuwa akiufuta usukani kwa kitambaa, palepale, wala hapakuwa na vumbi.

"Narudi kila jioni, mwanangu," akasema. "Akisikia honi anatoka mbio, halafu ananikuta mimi."