Sarafu Isiyo na Mkwaruzo

"Usiifute!" Esta alimdaka mkono. "Ukiifuta tu, umeiua."

Subira akaushusha upindo wa kanga haraka. Alitaka ing'ae tu, maskini. Ilikuwa sarafu ya fedha, ya kumbukumbu, na haikuwahi kutoka kwenye kijikasha chake tangu Rajabu alipompa iwe mahari yake. Wenzake walidai kitanda na kabati. Yeye aliitaka hiyo, wakamcheka weee mpaka wakachoka. "Hakuna ya pili iliyo safi hivi," Rajabu aliapa mbele ya shehe.

Sasa Rajabu huyo kalazwa hospitali, Shangani, figo zimemgomea. Bila upasuaji Dar, hana maisha. Jana Subira alipomwambia anaiuza, alimng'ang'ania. "Usiuze, mke wangu. Bora nife." Subira alilia. Mapenzi gani haya, jamani! Na miaka yote ya kwenda na kurudi Kilambo na biashara yake ya mchele, hajawahi kurudi mikono mitupu.

Esta, mnunuzi wa sarafu pale mjini, hana masihara na kazi yake. Aliisogeza kwenye taa, akaigeuzageuza chini ya lenzi.

"Hizi zilitolewa nyingi," alisema. "Watu wakatembea nazo mifukoni, zikachubuka. Yako haina hata mkwaruzo. Zilizobaki hivi ni za kutafuta kwa tochi."

"Alhamdulillahi! Basi itatosha matibabu?"

Esta alishusha pumzi. "Ungekuja juzi, ingetosha na kubaki. Nina mteja anayelipia ile ya pekee. Lakini jana imeletwa nyingine, safi kama hii hii. Zikishakuwa mbili, bei inaanguka."

Hasira zilimpanda Subira. Nani huyo wa kumtilia mchanga kwenye kitumbua?

"Mwambie asiuze! Nitampigia magoti, mimi. Mume wangu atakufa!"

"Hata yeye ana mgonjwa, mama. Katoka Kilambo na mtoto mgongoni, analia, anasema hiyo ndiyo mahari yake. Mumewe figo zimemlaza hapa hapa Shangani, anauguzwa na dada yake, Subira." Esta akachukua kalamu. "Haya, na wewe nikuandike nani?"