Bundi wa Ng'ambo ya Bonde

Semboja alipomwona Serafina anapita njia ya nyumbani kwake, jembe begani, alitamani kujibanza nyuma ya migomba. Mwaka mzima alikuwa akimkwepa.

Kisa kilikuwa bundi. Mwaka uliotangulia, 1975, kijiji chao cha ujamaa kule Vugiri kiliomba kufyeka msitu wa juu kipate mashamba. Serikali ikamtuma kwanza mtaalamu wa ndege: akimpata bundi mkubwa wa Usambara, ndege adimu sana, msitu hauguswi. Semboja akachaguliwa kumbebea mizigo na kumwonyesha njia.

Siku tano hawakuona wala kusikia kitu. Kijijini watu wakaanza kunoa mashoka. Semboja alizaliwa kando ya miti ile, hakuweza kuvumilia. Jioni ya sita aliaga kwamba anatafuta maji, akashuka bondeni, akaweka viganja mdomoni, akalia kama bundi.

Kutoka ng'ambo ya bonde, bundi akajibu.

Mtaalamu aliandika kwa furaha: wawili, huenda dume na jike. Kufyeka msitu kukapigwa marufuku. Semboja akajifariji kwamba hakudanganya kabisa, kwani mmoja alikuwa wa kweli.

Lakini Simeo, mume wa Serafina, alikuwa ameahidiwa shamba huko juu. Alipolikosa akashuka Korogwe kukata mkonge. Serafina akabaki na watoto watatu na kishamba cha mawe, mahindi yake yakiisha kabla ya masika. Kila Semboja alipomwona ameinama peke yake, aligeuza njia.

Leo hakujificha. Alimpokea jembe, akamkalisha barazani, akamweleza yote bila kuinua macho. Akitaka kumshitaki kwa mwenyekiti, alisema, yuko tayari.



"Simeo asijue," alisema Serafina.

"Dada, nimekunyang'anya mume. Nimfiche tena?"

"Chemchemi yetu inatoka msituni, mdogo wangu. Wangefyeka, watoto wangekunywa nini?" Akatazama njiani, akashusha sauti. "Jioni ile nilikuwa ng'ambo ya bonde naokota kuni. Nikakusikia. Ulilia vibaya, kama jogoo mwenye mafua. Nikaona yule mgeni atakushtukia, ndipo nikakuitikia."