Kanga Mpya ya Mwanakheri

Picha ya Mwanakheri akimlilia mwanawe aliyekufa kwa njaa ilitanda ukuta mzima wa ukumbi wa changisho. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Sasa Shekue, mkurugenzi wa shirika la misaada, alimtaka yeye mwenyewe jukwaani.

“Vaa kanga kuukuu, mama,” alikuwa amemwagiza, “na machozi yakija, yaache yatiririke.”

“Haya, baba.”

Akaja na kanga mpya, haijaona maji. Alipanda, akawageuzia wafadhili mgongo, akatulia tuli. Wapishi mlangoni wakaisoma, wakashika vinywa: NJAA YANGU, KITAMBI CHAKO.

“Imeandikwa nini?” mfadhili mkuu, mgeni asiyejua Kiswahili, alimuuliza Shekue.

Mwanakheri aligeuza shingo. “Mtafsirie mgeni wako, baba. Sina haraka.”

Shekue alivuta koti lifunike tumbo. Kifungo kikakataa kufika tunduni.