Kiganja cha Fundi Shomvi

Kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, Fundi Shomvi alifumba macho na kuupitisha mkono juu ya mlango wa gari la kale alilokuwa akilifufua tangu masika. Katika karakana yake bodi haikukaguliwa kwa macho, kwa kuwa macho hudanganywa na mwanga. Ilikaguliwa kwa kiganja.

"Tayari," alisema kwa uchovu. "Pulizia rangi."

Tunu, mpaka rangi aliyefanya naye kazi kwa miaka ishirini, alianza kufuta vumbi mlangoni. Mkono wake ukasita, kisha akacheka.

"Kaka Shomvi, huu ni mlango au shamba la viazi? Hapa pana tuta!"

Shomvi alipapasa tena. Hakuhisi kitu: si tuta, si ubaridi wa bati. Alipoyainua macho, alimkuta Tunu ameukodolea macho msasa ambao Shomvi alikuwa ameushika. Ulikuwa umemchubua kidole gumba, na damu ilikuwa ikidondoka sakafuni bila yeye kuwa na habari.

Kicheko cha Tunu kilikatika. "Tangu lini?"

"Hili ni gari la tatu. Mawili yale nilibahatisha."

Tunu alimfunga kidole kwa kitambaa safi, kisha akakiweka kiganja chake mwenyewe juu ya lile tuta na kufumba macho.

"Haya, piga msasa polepole. Nitakwambia pa kuishia."

Shomvi akainama, akaanza kusugua kandokando ya vidole vya Tunu, sikio likisubiri.