Kompyuta ya Tatu

Asubuhi nzima Tunu alihangaika kuhamisha picha za harusi ya bintiye kutoka kompyuta yake kwenda ya mumewe, Hatibu. Zote mbili zilitumia mtandao uleule wa nyumbani, lakini hazikuonana, utadhani majirani walionuniana.

"Umeruhusu kushirikiana mafaili?" Hatibu aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Nimeruhusu, Baba Nuhu. Ngoja niizime ruta niiwashe tena."

Taa za ruta zilipotulia, akatazama upya kompyuta zilizomo mtandaoni. Yake ilikuwepo, na ya mumewe pia. Chini yake ikatokea ya tatu: NUHU.

Tunu aliachia kipanya kama kilichomuunguza. "Baba Nuhu! Njoo! Njoo uone!"

Hatibu alikuja, akasoma, akashika ukingo wa meza. Hiyo ndiyo kompyuta aliyoondoka nayo mtoto wao wa kiume siku baba yake alipomfukuza, miaka mingi iliyopita. Nywila ya mtandao hawakuwahi kuibadilisha.

"Lakini mtandao wetu unaishia getini," Tunu alinong'ona.

Hatibu alitoka mbio, kifua wazi, bila viatu, akalivuta komeo kwa mikono yote miwili. Kutoka dirishani Tunu aliona geti likifunguka na mumewe akisimama pale pale, mikono imemning'inia, mdomo wazi. Miguuni pake kilikuwa kimelala kivuli cha mtu mrefu aliyesimama nje ya geti, na kivuli hicho hakikusogea.