Bolti ya Kitanda

Gari lile kuukuu Makame aliliunda mwenyewe uani kwake, ili bintiye Raya aolewe nalo. Sasa bibi arusi alikuwa ameketi ndani, shela limejaa kiti kizima, na mumewe ameshawasha injini waende kwao kwa barabara kuu.

Raya akafunga mkanda. "Baba, hata mkanda umeniwekea!"

Makame akainama dirishani. Bolti iliyoushikilia mkanda ule, pale juu ya bega la mwanawe, aliichomoa kwenye kitanda kibovu. Aliifunga kwenye bati lililoliwa na kutu, kisha akapaka rangi juu yake. Siku ile alijiambia, "Pambo tu hili. Nani atakimbiza gari la arusi?"

"Baba, tupe radhi yako tuondoke," mkwewe akasema.

Makame akafungua mlango wa Raya, akaushika mkanda kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Bolti ikang'oka na kipande cha bati, ikamwangukia Raya mapajani. Vigelegele vya waliokuja kuwaaga vikakatika. Raya akaiokota, akamtazama baba yake, na kutu ikaendelea kumwagika taratibu juu ya shela jeupe.